Mchezaji Niliyemtoa Nusu Fainali

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kumgusa mgonjwa. Nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, mikono ikiniwasha kwa hamu ya kazi. Mkuu wa idara ya tibamaungo katika hospitali ya serikali hapa Voi, mzee mrefu wa Mbololo, alinionyesha benchi lililokuwa mlangoni.

"Leo kazi yako ni macho," akasema. "Watazame wanavyoingia. Mtu huanza kukueleza ugonjwa wake kuanzia getini, kabla hajafungua mdomo."

Benchi hilo lilinishinda. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Kufikia saa sita nilikuwa nimeshamshika mkono mama mmoja aliyekuwa akivuta mguu, nikamwingiza ndani mwenyewe. Mkuu akanitazama juu ya miwani, akarudi kwenye faili zake. Mimi ni mtu wa hivyo. Kutulia kulinikataa tangu utoto.

Tibamaungo, ambayo wengi huiita fizio, ni kazi ya kurudisha mwendo. Kiungo kilichokauka ndani ya plasta, mgongo wa mkata mkonge, mkono wa mzee aliyepigwa na kiharusi, vyote huletwa kwetu vifundishwe upya kufanya kile vilichokuwa vikifanya bila kufikiri. Enzi zetu mashine zilikuwa chache. Tulitumia taulo za maji moto, mifuko ya mchanga ya kuzoesha misuli kubeba uzito, na vidole vyetu wenyewe. Jioni vidole vyangu vilikuwa vinauma kuliko viungo vya wagonjwa.

Nilihamishiwa Taveta, nikanyoosha mabega ya wapakiaji wa ndizi. Daktari msimamizi wa huko aliniambia, "Wewe unatembea kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea." Alikuwa amesema kweli. Baadaye nikapandishwa milimani, Wundanyi, kwenye ukungu na baridi, ambako akina mama wa Wusi waliniletea magoti yaliyochakazwa na kushuka miteremko na mizigo ya mboga mgongoni. Kila kituo nilikizoea kwa shida na kukichoka upesi.

Wundanyi ndiko nilikokutana na mpira wa magongo. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wakiletwa na vidole vilivyovunjika na mapaja yenye alama nyekundu za mviringo. Mpira wa mchezo ule una ukubwa wa chungwa na ugumu wa jiwe, na kwenye viwanja vyetu vya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, huruka popote unapotaka. Nikaona afadhali niwafuate uwanjani kuliko kuwangoja hospitalini. Jumamosi moja ikazaa nyingine, klabu za Mombasa na Nairobi zikasikia habari zangu, na nilipokuwa nimerudishwa Voi, meneja wa timu ya taifa ya wanaume akanipigia simu. Fizio wao hangeweza kusafiri. Je, ningeweza? Kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa nimeshaanza kutafuta begi.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kimataifa, ya daraja la pili. Mataifa makubwa ya mchezo huu yana daraja lao la juu, nasi tuliobaki tulikuwa tukigombea kupanda. Timu mbili zitakazoingia fainali ndizo zitakazopanda. Kwa hiyo kila mtu pale, kuanzia kocha mkuu hadi mpishi wa hoteli, alijua kwamba mechi yenye uzito ni nusu fainali.

Katika timu yetu kulikuwa na kijana wa kwetu, Mwadime. Mama yake aliuza nyanya na vitunguu soko la Voi, na mimi nilikuwa mteja wake wa siku zote. Mwadime alikuwa mpigaji wetu wa kona fupi. Kona fupi hutolewa mlinzi anapofanya kosa ndani ya duara la goli lake: mpira husukumwa kutoka mstari wa nyuma, unasimamishwa nje ya duara, na mpigaji anauvuta kwa gongo na kuufyatua kama anarusha kombeo. Mwadime akiinama juu ya mpira, makipa walikuwa wakimeza mate.

Siku ya nusu fainali alifunga goli la kwanza hivyo hivyo. Wapinzani wakasawazisha. Katika robo ya tatu mpira ukagonga gongo la mlinzi, ukapaa, ukampiga Mwadime juu ya sikio. Niliusikia mlio wake nikiwa benchi. Alianguka kwa magoti, akainuka mwenyewe, akainua mkono kuonyesha yuko sawa. Mwamuzi akaniita.

Nilimtoa Mwadime nje ya mstari, nikamketisha. Mtikisiko wa ubongo haufanani na mguu uliovunjika. Hakuna pa kuushika. Unamwuliza mtu maswali na unamtazama anavyojibu. Nilimwuliza jina, akalitaja. Nilimwuliza tunacheza na nani, akasema sawasawa. Daktari wa mashindano akaja, akammulika machoni, akasema haoni kitu kibaya.

"Uamuzi ni wako," akaniambia. "Wewe ndiye unayemjua mchezaji wako."

Hapo Mwadime akanigeukia. "Anti, gongo langu liko wapi?"

Gongo alikuwa amelishika mkononi.

Kocha mkuu alikuwa anakuja mbio. "Fizio, anaweza kusimama?"

"Anaweza."

"Basi arudi."

"Harudi leo."

"Daktari amesema yuko sawa!"

"Daktari ameniachia mimi. Harudi."

"Unajua unachokifanya?" akaniuliza, sauti ikiwa chini sasa, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Unajua hawa vijana wamelala kambi gani ili kufika hapa?"

Nilijua. Nilichukua gongo la Mwadime, nikalikalia.

Wapinzani waliongeza la pili. Kisha, mechi ikielekea kuisha, tukapewa kona fupi. Benchi zima liligeuka kunitazama. Alipiga mwingine, kipa akauzuia kwa buti, na filimbi ikalia. Hatukupanda.

Kwenye basi hakuna aliyekaa karibu nami ila Mwadime, kwa sababu nilimlazimisha. Kila alipofumba macho nilimwamsha. "Niache, anti," alikuwa akisema. Meneja alipita, akainama, akasema, "Umetuua," na kuendelea na safari yake ya kiti cha nyuma.

Kesho yake asubuhi, chai ikinywewa, wachezaji walimwuliza habari ya gongo. Mwadime akacheka kwa sauti. "Jamani, nani asiyejua gongo lake liko wapi? Nilikuwa namtania anti!" Meza nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nyuma yao na sahani mkononi.

Sikuitwa tena na timu ya taifa. Nilipofika sokoni Voi, mama yake Mwadime alinifunikia nyanya kwa gunia. "Watu wengine wanainuliwa na watu wa kwao," alimwambia jirani yake, huku akihakikisha nasikia. "Sisi wetu wanatushika miguu."

Nilirudi kwenye taulo zangu za maji moto. Nikiwa nakanda bega la mtu, nilikuwa napigwa na swali lile lile: kama alikuwa anatania kweli? Niliomba uhamisho, nikaukataa ulipokuja. Nilihama nyumba bila sababu ya maana. Mwadime aliendelea kucheza kwa miaka, kisha akawa mwalimu wa michezo hapa Voi. Tulisalimiana kwa adabu tu.

Siku ya kuniaga kazini walipika pilau uani mwa hospitali. Mwadime alikuja, akaomba kusema neno. Akaisimulia hadithi ya gongo kama kichekesho, wauguzi wakashika mbavu. Alipomaliza nilimfuata penye tangi la maji.

"Nikuulize kitu kimoja," nikasema. "Nani alikumulika machoni siku ile?"

Akafikiri. "Si wewe?"

"Hapana."

Akatazama soda yake. Wageni walikuwa wakipiga kelele nyuma yetu.

"Anti, siku ile siikumbuki," akasema. "Yote, kuanzia chai ya asubuhi. Goli langu mwenyewe nililiona kwenye simu ya mtu. Kesho yake waliponiambia nimeuliza gongo, niliogopa sitaitwa tena. Nikasema nilikuwa natania."

"Na miaka yote hii?"

"Ningeanzia wapi?"

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Kilichotoka mdomoni ni cha kazi: "Kichwa huwa kinakuuma?"

"Wakati mwingine."

Juma lile lile nilimpeleka mwenyewe kupigwa picha ya kichwa. Haikuonyesha kitu. Nikamwambia kilichobaki ni yeye kumweleza mama yake.

Ninyi mnaoanza kazi hii huniuliza kama kustaafu kumenipumzisha. Bado. Asubuhi nazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wikendi nakwenda kusimama kwenye uzio wa uwanja wa shule, na mpira ukigonga mfupa wa mtu, nakuta nimeshaingia ndani kabla ya kuitwa. Walimu wamenizoea. Yapo mengi niliyoyafanya kwa mikono ambayo nayaona yakitembea barabarani hapa Voi, lakini uamuzi wa siku ile ndio uliokaa nami kuliko yote, na niliufanya bila kujua kama niko sahihi.

Mama yake Mwadime alikuja kwangu mwezi uliopita, hana hodi ndefu. Akaketi barazani, nikamtengea chai.

"Amenieleza," akasema. "Kumbe ulijua."

"Sikujua. Niliona dalili moja tu."

"Ukamtoa mwanangu kwa dalili moja?"

"Ndiyo."

"Na kama kweli angekuwa anatania?"

"Ningemtoa vile vile, mama."

Akanikazia macho, kikombe kikiwa kimesimama hewani. Kisha akakishusha, akauliza kama nina sukari zaidi.