Askari Kwenye Ubao wa Idrisa

Idrisa alikuwa mchora mabango mjini Tunduma, na mimi nilikuwa nauza chai mlango wa pili, kwa hiyo upuuzi wake wote niliuona wa kwanza. Kila Jumatatu alichora katuni mpya kwenye ubao wa nje ili wateja waone mkono wake. Mwaka 2013, jeshi letu lilipokwenda Kongo, akaanza kumchora askari mwembamba, miguu mitupu, akibisha hodi kwa jirani: "Naingia mara moja tu."

Jumatatu iliyofuata askari alikuwa amekalia kigoda cha jirani. Ya tatu, sare zake zimeanikwa kwenye kamba ya jirani, na yeye anapigana ngumi na mashemeji wa jirani ambao hata majina yao hayajui. Madereva wa malori waliokuwa wakingoja kuvuka mpaka walicheka hadi chai ikawapalia. Idrisa akavimba kichwa.

Aliyekuwa hacheki ni Mama Efraimu, mkulima wa kahawa kutoka Ihanda. Mwanawe alikuwa huko huko Kongo, na simu yake haikuwa ikipatikana. Siku moja akauliza kwa upole kwa nini askari hana viatu. Idrisa akamweleza kwamba katuni ndivyo zilivyo. Mama akasema Efraimu aliondoka na viatu. Idrisa akachora buti. Safari iliyofuata mama akataka askari ale, ikaongezwa sahani ya ugali na maharage. Madereva wakalalamika kwamba katuni imeharibika, na kweli ilikuwa imeharibika. Askari alikuwa amenenepa kama mwenye gesti.

Kisha redio ikasema askari wetu wameuawa kule, majina bado. Idrisa aliona haya. Bila kumwambia mtu, akapaka ubao wote rangi nyeupe.

Mama Efraimu aliposhuka kwenye gari la kutoka Vwawa, akauona ubao mweupe. Akakaa chini vumbini. Nilimkimbilia na maji, hakuyapokea.

"Umepata habari gani, baba?" alimuuliza Idrisa.

Idrisa akaapa hana habari yoyote, ni aibu tu iliyomfanya afute. Nilitamani nimpige kwa birika.

"Basi mrudishe," mama alisema.

Akamchora upya, mama akiwa amekaa pale pale. Askari akatoka kichwa upande. Safari hii hakumwandikia neno.

Kabla ya wiki kwisha Efraimu akapiga simu: mzima. Mama yake alikuja kutuambia, akalia kwangu mpaka nami nikalia. Idrisa, kwa furaha, akachukua brashi, akauliza kama sasa anaweza kumfuta askari na kurudia katuni zake.

Mama Efraimu alijipangusa uso kwa kanga.

"Mwache kwanza," alisema. "Kuna mama mwenzangu simu yake haitalia."