Mapazia ya Mahameli

Shangazi yangu anajua kushona kuliko anavyojua kusamehe. Baba, ambaye ni kaka yake, aliposema magoti yamemchosha na anatafuta wa kumwachia usimamizi wa karakana yetu ya mapazia, shangazi alianza kuja kazini na viatu vya kutokea.

Kisha akasikia anatajwa mama mdogo, mke wa mdogo wao wa mwisho. Mwanamke aliyeingia pale hajui hata kutia uzi kwenye mashine, na aliyemfundisha ni nani? Shangazi mwenyewe. Roho ilimuuma, tena waziwazi. Mama mdogo akicheka na mafundi, shangazi anaguna. Akigawa chai, shangazi hana kiu.

"Yule anajikomba tu," aliniambia. "Ngoja, ng'ombe wa masikini hazai."

"Sasa masikini hapo nani, shangazi?"

Akavuta kitambaa kingine, akaendelea kushona.

Karakana ilikuwa na sharti ambalo baba hakuliandika popote, ila kila fundi alilishika: ukiona kosa la mwenzako, mwambie mwenyewe, kisha mkae mfumue wote wawili. Mshono mbovu ni wetu sote, ndivyo alivyosema.

Wiki hiyo tulikuwa na mapazia ya ukumbi, ya mahameli. Mahameli ina upande wake: ukiipapasa kuelekea chini ni laini, kuelekea juu inagoma. Kipande kimoja kikiungwa kichwa chini, kwenye taa kitaonekana cha rangi nyingine. Mama mdogo alikiunga kimoja hivyo. Shangazi alipapasa, akajua, akafumba mdomo. Aliacha pazia litiwe bitana, pindo, hata pete za kuning'inizia.

Asubuhi ya kukabidhi kazi akamwita baba. "Kaka, njoo uone kazi ya msimamizi wako."

Baba akapapasa. "Umeliona lini kosa hili?"

"Kabla ya bitana."

"Ukamwambia?"

"Nakwambia wewe."

Baba alitoa funguo za karakana mfukoni akamkabidhi mama mdogo mbele yetu, pazia bovu likiwa bado limetandazwa mezani.

Shangazi alingoja asimangwe, na majibu alishayapanga. Mama mdogo akavuta kiti karibu naye, akampa wembe.

"Wifi, nimekosea. Tufumue, mwenye ukumbi nitampigia simu aje jioni. Na kuanzia leo kitambaa kisishonwe kabla wewe hujakipapasa. Sisi wote tulilipita hili, wewe ndiye uliyeliona."

Shangazi alifumua. Siku ile alimchukia kuliko siku zote, kwani kama angetukanwa, angalau angepata la kumshikia.

Mpaka leo ndiye anayepapasa vitambaa vyote. Akiona kosa, humwambia mwenyewe, wakakaa wakafumua wote. Isipokuwa kosa likiwa la mama mdogo. Hilo hulifumua peke yake, haraka haraka, asije akashukuriwa.