Jani la Sale Mfukoni

Nakumbuka asubuhi ya kipaimara cha binti yetu Rose, hapa hapa Machame, mke wangu akinipigia pasi koti. Wewe mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu, na nimekaa na habari hii miaka mingi, na hata leo naitoa kwa shingo upande. Lakini unakaribia kuoa, na juzi nilikusikia na wenzako mkisema Mungu ana huruma, mtatubu mkizeeka, huku mnacheka. Mimi nilisema hivyo kabla yenu, na sina hamu ya kucheka.

Kwanza ujue sale. Wewe uliyekulia mjini Moshi pengine unaiona kama mmea wa mpakani tu. Kwetu, mtu akikukosea, anachuma jani la sale, analifunga fundo, anampa mzee akuletee. Ukiletewa huna ruhusa ya kukataa. Hata kama amekuumiza kiasi gani, unalipokea na ugomvi unaisha. Wazee wetu walikuwa na jambo hilo zuri kabla injili haijapanda mlima huu, na mimi nikaligeuza uchafu.

Nilikuwa mlevi. Siyo wale wa kuimba njiani. Mimi nilikuwa wa matusi na mkono. Nikitoka kilabuni kunywa mbege, Elisifa mke wangu ndiye aliyekiona cha moto. Asubuhi nachuma sale, nampelekea baba yangu mkubwa, Mzee Kirenga, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, naye analibeba kupita mgombani mpaka kwangu na kumkabidhi. Elisifa anapokea. Jumapili naungama kanisani pamoja na wengine, natangaziwa kuondolewa dhambi, narudi mwepesi. Jumanne nipo kilabuni. Tena nilipanda sale karibu na mlango wa jikoni, nisisumbuke kwenda mpakani, na nilijiona mjanja.

Siku ya kipaimara niliamka nikijua kabisa kwamba nitalewa. Wageni wangekuja, mbege ilikuwa imeiva, na mimi nilikuwa najijua. Nikachuma jani mapema, nikalifunga fundo, nikalitia mfuko wa koti. Nilikuwa najiandalia msamaha wa kosa ambalo sijalifanya. Kisha nikaliacha koti kitandani, na Elisifa akalichukua kulipiga pasi.

Alinikabidhi koti, jani likiwa bado mfukoni. Mchana, mbele ya mchungaji na wakwe zangu, nilimpiga kofi kwa sababu nyama ya wageni ilichelewa. Sufuria likamtoka mikononi. Rose akainama kuokota nyama ile chini, gauni lake jeupe la kipaimara likiingia tope.

Kesho yake baba mkubwa alilipeleka jani lile lile. Mimi nilijibanza nyuma ya banda la ng'ombe nikisikiliza. Elisifa alilipokea kwa mikono miwili, kama siku zote.

"Shikamoo baba," alisema. "Nimemsamehe, kweli kabisa. Lakini jani hili nililishika jana asubuhi mfukoni mwake, nikaomba lisiwe langu. Mwambie kusamehe nitasamehe hata ya mbele. Kukaa hapa siwezi."

Alifunga nguo zake, akamshika Rose mkono, wakashuka kwenda kwa dada yake Holili. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira, nikiona mila imenigeuka.

Nilizikata sale za jikoni kwa panga. Nikaapa mbele ya watu kwamba sitakunywa tena, na kiapo hakikumaliza wiki. Nikaapa tena, yakawa yale yale. Siku moja baba mkubwa alinikuta nimelala chini ya mibuni mchana kweupe. Akakaa kando yangu juu ya majani makavu ya migomba, akanisubiri nifumbue macho.

"Miaka yote hii umenituma nikuombee usamehewe ulevi," alisema. "Hujanituma hata mara moja nikuombee uuache. Wewe unataka Yesu akuondolee fimbo, pombe akuachie."

Nilitaka kumtukana, lakini ilikuwa kweli. Nikaomba pale pale, kwa aibu, nikiwa bado nanuka. Safari hii sikuomba kusamehewa tu, niliomba kutolewa. Sikuona mwanga wowote. Ila siku hiyo sikwenda kilabuni, na kesho yake kiu iliponijia nikaomba tena, na kesho kutwa tena. Nguvu ile haikuwa yangu, maana yangu nilishaujua ukubwa wake.

Leo nina mvi na sijaonja pombe tangu siku ile. Elisifa bado yupo Holili. Tulipokutana kwenye kipaimara cha mjukuu wetu alinipakulia chakula, akaniuliza habari za ng'ombe, akacheka vizuri. Hana kinyongo nami. Jioni akapanda gari akarudi kwake. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nikaona hayana kazi tena. Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwanangu, neema ya Mungu ni ya bure, usimsikilize anayekwambia uilipie. Lakini hatukupewa ili tukae vizuri ndani ya dhambi. Kristo alikufa ili atutoe humo, dhambi isitupeleke inakotaka kama ilivyonipeleka mimi kilabuni. Ukiomba usamehewe, omba papo hapo ufunguliwe, na uombe ungali na watu wako nyumbani. Mimi nilisamehewa yote na nikafunguliwa kweli. Nilichelewa tu, na nyumba yangu haikurudi.

Mungu wa baba zetu akulinde, akupe moyo wa kulichukia kosa kabla hujalitenda. Na siku ya furaha ya mtoto wako, mkeo akilichukua koti lako kulipiga pasi, asikute kitu mfukoni.