Gia ya Tatu Aliyoiruka Mzee Makokha

Siku tulipomhamisha Atieno kutoka Huruma, mwanangu, huwa naikumbuka kila nikitaka kuinuka kwenye kiti hiki. Kaa hapo kwenye kochi. Hiyo simu ilaze kifudifudi nione uso wako. Sina nguvu ya kusema jambo mara mbili siku hizi, na kesho asubuhi utakuwa umeshika usukani wa basi la shule, watoto wa watu wako nyuma yako.

Jana uliniendesha kutoka Dandora mpaka hapa Umoja. Nilinyamaza njia nzima ukafikiri nimelala. Sikulala. Tulipofika kwenye matuta ya karibu na soko, ulitoa gia ya nne ukaingiza ya pili, ya tatu hukuigusa, gari likashtuka na kichwa changu nusura kigonge kioo. Uliposimamisha gari nikakuuliza kwa nini unaruka gia. Ukacheka, ukaniambia, "Si hata wewe huruka, mzae?"

Mtu mzima na mvi zangu, nikafungua mlango nikaingia ndani, na chai aliyoniwekea mama yako ikapoa pale mezani. Tangu jana swali lako limenikaa kifuani. Nimechoka, Kevo, nimechoka kweli, lakini hili nisipolisema leo sitapumzika.

Usiogope, sikuletei ile ya haraka haraka haina baraka. Hiyo mmeisikia tangu chekechea, na walimu waliokuwa wakiwaambia walikuwa wenyewe wanakimbilia kengele.

Nilipokuwa na umri wako sikuwa na gari. Nilijifunzia pikapu ya Mzee Makokha, mtu wa Bungoma, aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kujinunulia hiyo pikapu kuukuu ya buluu. Aliiegesha Huruma, karibu na wauza makaa, na mwisho wa mwezi watu wanapohama nyumba hakuwa na nafasi hata ya kumeza mate. Vitanda, masufuria, magodoro, yeye ndiye wa kuvihamisha. Mimi nilikuwa mpakiaji wake, na alipoona sina uvivu akanifundisha kuendesha, mpaka nikapata leseni.

Mafunzo yake yalichosha, nisikufiche. Moja, mbili, tatu, nne. Nne, tatu, mbili, moja. Kutwa hivyo hivyo. "Ukikaa orofa ya nne," alikuwa akiniuliza, "unashukaje? Unarukia dirishani?" Nikisema hapana, ananiambia, "Basi na gari lishushe ngazi kwa ngazi."

Lakini yeye mwenyewe hakushuka hivyo! Nikiwa kiti cha abiria nilikuwa nauona mkono wake wa kushoto ukitoka nne ukiingia mbili, taratibu, bila kelele, kama mtu anayekata tonge la ugali. Nikasema moyoni, ala, kumbe huyu mzee ananificha. Mimi ananipa masomo ya watoto, na ufundi wa wakubwa anajiwekea. Nikawaringia vijana wenzangu kwamba siku nitakayoshika ile pikapu barabara kubwa, watanijua mimi ni nani. Ujana ni maradhi matamu, mwanangu, na dawa yake ni miaka tu.

Sasa huyu Atieno. Mumewe alikuwa amepata kazi kiwandani, wakawa wanatoka chumba kimoja cha Huruma kuingia nyumba ya Umoja, nyumba yenye jikoni yake. Mume alikuwa kazini siku hiyo, kwa hivyo mke ndiye aliyesimamia mizigo, na alikuwa na mimba ya kwanza, imekaribia kabisa. Mali yao kubwa ilikuwa kabati la vioo, la mbao ngumu, zito ajabu, zawadi ya harusi kutoka kwa mama yake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote na lami ilikuwa inateleza.

Tulipomaliza kupakia, Mzee alikiangalia kile kiti kimoja cha abiria, akamwangalia Atieno. "Mama mwenye hali hiyo hapandi nyuma," akasema. Akanitupia ufunguo. Akapanda nyuma yeye mwenyewe, mtu wa umri ule, akaketi ameegemea kichwa cha gari, kabati liko mbele ya miguu yake ili alizuie lisicheze. Akaniambia, "Endesha wewe. Na usisahau, moja moja."

Nilianza vizuri, haki ya Mungu. Moja, mbili, tatu, mpaka tukaingia barabara kubwa nikafika nne na pikapu ikatulia. Atieno alikuwa amepakata saa yao ya ukutani. Akanigeukia akasema, "Kumbe unajua gari hivi, kaka yangu! Hata mtoto amelala humu ndani."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mbele nikaona matuta, nikasema hapa ndipo pa kumwonyesha huyu dada kwamba bado hajaona kitu. Mkono wangu ukatoka nne ukaingia mbili, vile vile nilivyokuwa nikiuona mkono wa Mzee. Nikaachia klachi.

Injini ilipiga ukelele ambao sijausikia tena. Magurudumu ya nyuma yakakataa kuzunguka, mkia wa gari ukateleza, Atieno akapiga "Uuuwi!" akakumbatia tumbo na saa pamoja. Kwa woga nikakanyaga breki yote na hapo nikazidisha balaa. Tulisimama tumekingama barabarani. Atieno hakuumia, na mtoto wake alizaliwa salama, hilo nikuambie mapema usikae roho juu. Lakini niliposhuka, kule nyuma kulikuwa kimya.

Kabati lilikuwa limekuja mbele kwa nguvu likaubana mguu wa kushoto wa Mzee Makokha kwenye bati. Wapita njia ndio walionisaidia kulivuta. Mzee alikuwa ameuma kola ya shati lake asipige kelele, vipande vya vioo vimemjaa mapajani, na neno la kwanza alilosema ni, "Yule mama ni mzima?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikosa kusikia, na guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe. Hiyo methali sijapenda kuisikia tangu siku hiyo.

Alipotoka hospitali nilikwenda kwake. Nilimkuta amekaa kitandani, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, ameuweka juu ya stuli. Nilitamani anitukane. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na matusi yangenisaidia. Lakini alingoja niketi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Nani alikufundisha kutoka nne kuingia mbili?"

"Ni wewe, Mzee. Nilikuona."

"Uliona nini?"

"Mkono wako."

"Na mguu?"

Ukiwa kiti cha abiria, mwanangu, mkono wa dereva unauona wote. Miguu iko chini kule, hakuna anayeiangalia.

"Mguu wangu wa kulia," akasema, "unakuwa umeanza breki tangu mbali, polepole, mpaka gari limefika mwendo wa gia ya pili. Mkono huja mwisho, kazi ikiwa imekwisha. Gari halijui kuhesabu, kijana. Linajua mwendo peke yake. Ukilipunguza mpaka mwendo wa pili, litaipokea ya pili hata kama hukupitia ya tatu. Usipolipunguza, litakuumbua mbele za watu."

Nikafikiri amemaliza. Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono.

"Na unadhani kwa nini naruka?"

"Ni ufundi, Mzee."

Akacheka, mwanangu. Kicheko kile hakikuwa na furaha hata tone. "Ufundi! Goti hili liliharibika zamani, hata kabla ya hilo kabati lenu. Klachi za malori ndizo zilizolimaliza. Kila nikikanyaga klachi ni msumari unaingia. Nikishuka gia moja moja kutoka nne mpaka mbili, hiyo ni misumari miwili. Nikiruka ya tatu ni mmoja. Ndiyo siri yote. Ningekuwa na goti kama lako ningezipita gia zote, tena nikiimba. Wewe umemwona mzee anachechemea, ukadhani anacheza ngoma, ukaingia uwanjani kumwiga."

Nililia pale pale, mbele yake, kijana mzima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miezi yote ile nilikaa karibu na yule mtu, bega kwa bega, nikimhusudu kwa maumivu yake.

Ule mguu uliunga lakini haukukanyaga klachi tena. Nikawa dereva wake. Alikaa kiti cha abiria, amenyoosha mguu, na kila nilipotaka kubadilisha gia alinipigia kelele, "Sema mguu!" Nami natamka kwa sauti: breki, breki, bado, breki, klachi, tatu. Breki, klachi, mbili. Wateja walicheka. Mama mmoja wa Dandora alimwuliza kama mimi nimeokoka, ninaomba njiani. Mzee akamjibu, "Anaomba, mama. Na wewe itikia amina." Tuliishi hivyo mpaka alipochoka na Nairobi akarudi kwao Bungoma, na huko ndiko alikolala.

Sasa nikujibu swali lako la jana.

Ndiyo, mwanangu. Hata mimi huruka. Nimeendesha magari ya watu kwenye barabara hii ya Outer Ring tangu kabla hujazaliwa, foleni ya asubuhi na foleni ya jioni, klachi chini, klachi juu, hatua moja, simama. Goti langu la kushoto limekwisha. Limekwisha siku nyingi. Mama yako anajua kwa sababu yeye ndiye anayelikanda, lakini nyinyi watoto sikuwaambia. Nilijiona mwanamume. Nikaanza kuruka ya tatu, breki kwanza, kama alivyofanya Mzee, na wewe ukiwa mdogo ulikuwa umekaa pale pale nilipokuwa nimekaa mimi, ukiutazama mkono wangu. Hukuniiga ufundi, Kevo. Uliliiga goti langu.

Inaniuma, wewe! Inaniuma kuliko goti lenyewe. Yaliyompata Mzee yalinitosha kunifundisha, na bado nikakufanyia wewe yale yale kwa kunyamaza.

Na ukianza kuangalia utayaona humu humu nyumbani. Mama yako anakula amesimama pale mlangoni. Unajua kwa nini? Mgongo. Akikaa kwenye stuli kuinuka ni kazi. Dada yako naye siku hizi anabeba sahani yake anakula amesimama, msichana mwenye mgongo mzima, na ukimwuliza atakuambia wanawake wa nyumba hii ndivyo wanavyokula. Mwambie akae, jameni. Mwambie mama yake anaumwa, hiyo si mila.

Basi ushauri wangu ndio huu, na ni mfupi maana pumzi nayo imepungua. Ukimwona mtu mzima anafanya jambo kwa wepesi, usimwige siku hiyo hiyo. Mwulize kwanza. Mwulize mguu umefanya nini kabla ya mkono, na mwulize pia anaumwa wapi. Mengine tunayafanya kwa sababu tumeyajua sana, na mengine ni kwa sababu hatuwezi tena kuyafanya inavyopasa. Ukitutazama kwa macho tu, hayo mawili hutayatofautisha. Sisi nasi tumezoea kuficha.

Kesho, wale watoto miguu yao haifiki sakafuni. Hawana pa kujishikilia, wengine watakuwa wanasinzia, na kila mmoja ameachwa mlangoni na mama aliyekuamini bila kukujua. Ukiyaona matuta, anza breki mbali. Nne, tatu, mbili. Una goti la kutosha kwa zote. Sema mguu, kwa sauti, hata wakikucheka na kukuita dereva kichaa. Watoto wakicheka ndani ya gari ni dalili kwamba wamekaa salama.

Mungu akutangulie, mwanangu, na akurudishe nyumbani na idadi ile ile uliyoondoka nayo. Akupe magoti yatakayozeeka polepole. Na siku yatakapoanza kuuma, akupe ulimi wa kumwambia mwanao mapema, kabla hajajifunza kwa kukutazama.

Haya, njoo uniinue. Shika huku kulia. Huo mguu wa kushoto uache, unauma.