Kidani cha Mwanasaumu na Kodeki Moja

Sheikhan alipomwacha Mwanasaumu mwaka wa 1998, alibeba friji, televisheni, deki ya video na hata pazia la chooni. Kompyuta peke yake ndiyo aliyoiacha pale nyumbani Magongo, maana katika miaka miwili aliyokaa nayo hakupata kujua inazimwaje. Kidani cha dhahabu cha marehemu mamake Mwanasaumu nacho hakikuonekana tena.

"Wallahi sikijui," alisema Sheikhan, mkono kifuani kama anayepigwa picha.

Mwaka wa pili akaoa huko Jomvu Kuu. Mwanatatu, shoga yake Mwanasaumu, alialikwa kwenye kupamba, sherehe ya wanawake watupu ya kumwonyesha bibi harusi, akarudi na habari: bibi harusi alivaa kidani cha lozi, vipande vya dhahabu vyenye umbo la lozi, na lozi ya tatu ilielekea juu. Sonara mmoja mzembe ndiye aliyeiunga kichwa chini zamani. Kidani cha pili kama hicho cha marehemu hakuna. Kwa kuwa neno tupu Sheikhan angelikana, Mwanatatu akaazima diski ya video ya sherehe kwa siku moja. Kabla ya magharibi iwe imerudi kwa wenyewe.

Mwanasaumu akaitia kwenye kompyuta. Vigelegele vikasikika, ngoma ikasikika, picha nyeusi tititi. Akamwita Gershom, fundi wa mtaani.

"Mama, picha hizi zimefungwa kwa namna yake. Zataka programu ndogo ya kuzifungua, yaitwa kodeki. Hapa ninazo mia moja na ishirini. Nikuwekee zote, usisumbuke tena."

"Zote za nini? Yule bwana alikuwa hivyo hivyo. Kila alichookota alipachika humu, mpaka mashine ikaganda kama uji wa jana. Ilichukua mwezi kuisafisha. Mimi nafungua diski moja. Weka moja."

"Basi niangalie picha nijue ni ipi."

"Huangalii. Humo mna wake za watu vichwa wazi."

Gershom akakuna kisogo. Mwanasaumu akafunika skrini kwa leso, akaacha mwanya wa upana wa kiganja. Kwenye mwanya huo fundi akafungua sifa za faili, akasoma jina la kodeki iliyotumika, akaitoa hiyo peke yake kati ya mia na ishirini, akaiweka. Mashine ikazimwa, ikawashwa upya. Kisha akageuzwa uso ukutani, atazame kalenda ya kampuni ya unga.

"Bonyeza, mama. Waona nini?"

"Naona makalio ya Tumu."

"Yaenda vizuri?"

"Hayajapata kwenda vizuri tangu tukiwa wasichana."

"Nauliza picha, mama."

"Picha haina neno."

Shingo ya bibi harusi ilipotokea, Mwanasaumu akapiga ukelele, na Gershom, uso bado ukutani, akamwambia abonyeze kile kitufe kirefu cha chini. Picha ikasimama. Lozi ya kwanza, ya pili, na ya tatu kichwa chini.

Kisha Mwanasaumu akamtuma Mwanatatu Jomvu Kuu na maneno machache: njoo uchukue kompyuta yako. Haikupita saa, Sheikhan akafika na mkokoteni na mtu wa kuusukuma.

"Kaa kwanza uone inavyofanya kazi," Mwanasaumu alisema, "usije ukanizulia nimekupa mbovu."

Sheikhan akavuta kiti. Leso ilikuwa imerudishwa juu ya skrini. Kigelegele cha kwanza kilipolia, Sheikhan akaitambua sauti ya mke wa nduguye.

"Ni nini hii?"

"Kupamba kwa mkeo. Nataka uione shingo yake. Ila kufika shingoni utapita kwa wake za ndugu zako watatu, na mke wa imamu wenu, ambaye anacheza kuliko nilivyomdhania." Akashika pindo la leso. "Nifunue?"

Sheikhan akaziba macho kwa viganja viwili. "Zima."

"Zima wewe. Si mashine yako?"

Nje, mwenye mkokoteni akakohoa.

"Inazimwaje?"

"Kwa kidani."

Mkokoteni ukarudi mtupu, mwenyewe akinung'unika njia nzima. Baada ya alasiri mamake Sheikhan akaja na kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mezani bila salamu, akaondoka. Mwanasaumu akakivaa kidani. Magharibi ilikuwa bado. Akaondoa leso, akavuta kiti, akaiangalia harusi ya mumewe wa zamani mpaka mwisho. Pilau yao ilionekana kavu.