Anayesubiri Marahaba

Mtafiti anayepima jinsi ugonjwa wa kutetemeka unavyogusa akili huvua viatu mlangoni hata mtaa wa Lumemo ukiwa matope matupu, kisha hutuliza mikono mapajani kama yuko misani. Herieth alimtazama kwa wasiwasi akiketi hivyo mbele ya baba yake mgonjwa. Tangu wamzike mama, baba hakuwa amemwitikia shikamoo hata mara moja, naye aliamini kuwa mzee amemkasirikia.

"Shikamoo, babu," mtafiti alisema.

Uso wa mzee haukucheza. Vidole tu vilitetemeka.

"Dada, utakesha hapo! Huyu haitikii mtu," Herieth akasema.

"Jibu liko njiani. Labda huwa mnaondoka mapema."

Mikono ya mtafiti haikusogea mapajani. Herieth akaanza Salamu Maria kimoyomoyo, akaimaliza, akaanza nyingine.

"Marahaba," mzee akanong'ona. Taratibu, macho yake yakamfikia Herieth. "Na wewe, mwanangu. Marahaba."