Marehemu wa Ukutani

Yule marehemu alikufa mara moja tu, kama tutakavyokufa sote, lakini hakupata kupumzika. Alitundikwa ukutani kwenye sebule ya kuigiza, na watu wakamtazama kila siku ya kazi, saa nane mchana, kwa miaka kumi na tisa. Tamthilia iliitwa Waliobaki. Ilikuwa habari ya mjane na watoto wake wanne: wanagombania nyumba, wanaibiana wachumba, wanapotea na kurudi na sura nyingine kwa sababu mwigizaji wa kwanza kapata kazi yenye mshahara wa maana. Wote walibadilika isipokuwa mjane mwenyewe na baba wa watoto, aliyekaa juu ya kochi ndani ya fremu ya mbao, amevaa koti la kuazima, anacheka.

Sasa, picha ile ilikuwa ya mtu kweli. Mtu huyo alikuwa na mke, na mke alikuwa papo hapo studio, hatua thelathini kutoka kwenye ukuta ule, anapiga pasi.

Walimwita Mama Pini, maana hakuonekana bila pini mbili tatu mdomoni. Alikuwa mkuu wa chumba cha mavazi, yaani mkuu wa cherehani mbili, pasi moja na vyuma vitano vya kutundikia nguo. Alijua nani kanenepa kabla mwenyewe hajakubali. Mabinti wa kuigiza wakimbishia, "Mama Pini, hii sketi imerudi ndani," naye hujibu, "Imerudi ndani na wewe umetoka nje, tukutane katikati," huku anaachia mshono. Mkono wake wa kushoto haukupanda juu ya bega. Nguo za juu alizitungua kwa fimbo, na watu walishazoea.

Picha ilifikaje pale? Wiki ya kwanza ya kurekodi, mzee aliyeahidi kupigwa picha ya marehemu aliingia mitini. Mwongozaji akawa mbogo. Mama Pini alikuwa na picha ya mumewe kwenye mkoba. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa amekufa barabarani miezi saba kabla, na asubuhi ile ile Mama Pini alikuwa ameitoa picha ukutani kwake. Kuishi nayo hakuweza, na kuitupa pia hakuweza, picha ya mtu si ganda la muwa. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye, aliambiwa fremu imelegea, inapelekwa kwa fundi. Basi aliposikia mwongozaji anapiga kelele, akaitoa mkobani, akasema, "Chukueni hii kwa wiki moja." Wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Na kwa nini asiweze kuishi nayo? Kwa sababu yule bwana alikuwa anapiga. Huko nje alikuwa mtu wa watu, mcheshi, hakuna msiba asiokwenda. Akifunga mlango wa nyumba yake anakuwa mwingine. Mara ya mwisho, alasiri moja mama yake akiwa amekwenda kwa jirani, alimvunja mkewe mkono wa kushoto. Mama aliporudi aliambiwa mkwe wake ameteleza bafuni. Akasema bafu hilo kweli lina utelezi, na yakaishia hapo.

Bwana alipokufa wakabaki wanawake wawili katika vyumba vitatu, mkwe na mkwe, hawana mwingine. Watu walitegemea Mama Pini atafunga virago. Hakufunga. Bibi yule hakumkosea neno, na angemwachia nani? Siku ya kwanza Waliobaki ilipoonyeshwa, bibi alipiga ukelele, majirani wakadhani moto, na jioni mkwe wake alipoingia tu akaupiga tena. "Mwanangu! Umemweka mwanangu mahali pa heshima!" Akamshika mkwe wake mikono yote miwili, akambariki mpaka sauti ikamkauka. Mama Pini angesema nini? Alisema, "Amina, Mama."

Tangu hapo, kila saa nane, bibi alisogeza kiti karibu na televisheni kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Picha ikipita nyuma ya vichwa vya waigizaji, anaiamkia. "Hujambo, baba? Umeshindaje?" Ya ukoo ule wa kuigiza hayakumhusu sana; aliwaita wale watoto wanne walafi. Alikuwa anamwona mwanawe, basi, na Mama Pini alikula kiapo moyoni kwamba bibi huyu atakufa na mtoto mwema. Maadamu mtu keshakwenda, kumharibia mama yake itamfaa nani? Hicho ndicho kitu alichokilinda kuliko kazi yake, na kwa miaka kumi na tisa alikilinda vizuri.

Mpaka alipojikwaa ulimi. Mwigizaji wa mjane, waliyemwita Malkia kwa kudeka kwake, alikuwa anapimwa gauni. Mama Pini alinyoosha mkono, ukagoma pale unapogomea. Malkia akauliza, "Huo mkono ulifanywaje, dada yangu?" Sijui ni uchovu, sijui ni kwa sababu mtu ukimpigia magoti unamshonea pindo unamwona kama ndugu. Mama Pini alitoa pini mdomoni akasema yote. Alisema kwa dakika tano, akarudisha pini, akamaliza pindo.

Miezi mitatu baadaye mswada mpya ukaletwa chumba cha mavazi, ambako hufika mapema ili nguo ziandaliwe. Mama Pini akavaa miwani. Mjane anasimama mbele ya picha ya marehemu mumewe. Watoto wote wapo. Anasema: Baba yenu mnayemlilia alinivunja mkono. Mama yake alipouliza, nikamwambia nimeteleza bafuni.

Alikaa juu ya rundo la nguo chafu.

Malkia alimfuata mwenyewe, uso umemshuka. Alieleza kwamba waandishi walikuwa wamekaukiwa, wakawaomba waigizaji kitu cha kweli, naye akatoa kile bila kutaja jina. Waandishi ndio waliomtwika kisa hicho yule marehemu wa ukutani. "Sikuona ubaya, dada. Ni picha tu ile, hata haijulikani ya nani."

"Ya mume wangu," Mama Pini akasema.

Wa zamani waliojua walikwisha kuondoka wote, na Malkia hakuwahi kuuliza picha inakotoka. Alijishika kinywa. Yule mtu alikuwa amepachikwa dhambi yake mwenyewe na watu wasiomjua.

"Yupo mama yake," Mama Pini akaendelea. "Anaangalia kila siku. Hilo neno la bafuni aliambiwa yeye, kwa masikio yake. Akilisikia ataelewa."

Malkia alifuta macho, safari hii bila kuangalia kama wanja umechafuka. "Ukiniambia nisiseme, sisemi. Nitaanguka nizimie, waandike upya. Mimi nikizimia nani atabisha? Uamuzi ni wako."

Siku ya kurekodi Mama Pini alisimama nyuma ya kamera na kifuko chake cha pini. Taa ziliwaka. Malkia alimwita, eti kola imepinda, na alipoinama kuirekebisha akamnong'oneza, "Nisemeje?"

Mama Pini aliinua macho. Kulikuwa na watu kumi na wanane katika chumba kile, wote chini ya picha, na picha inacheka. Ilikuwa inacheka hivyo hivyo siku alipoitoa ukutani. Hasira ilimpanda ambayo alidhani aliizika zamani, hasira mbichi. Miaka kumi na tisa! Kila siku anapita hapo chini na nguo begani, na yule yuko juu anaheshimiwa.

"Sema," alisema. "Sema lote."

Malkia akasema. Hata mshika taa alilia. Mwongozaji aliagiza wasirudie.

Hasira ni mgeni, huja ikaondoka ikakuachia vyombo vya kuosha. Jioni hiyo Mama Pini alimkuta mkwe wake anamenya vitunguu, akapokewa mkoba kama siku zote, na moyo ukamwanguka. Ametenda nini? Wiki tano zilibaki kabla ya kipindi kuonyeshwa, na katika wiki tano hizo alikonda mpaka akapunguza sketi yake mwenyewe. Alifikiria kumpeleka bibi matembezi, lakini aende naye wapi, bibi asiyetoka? Mwisho akaomba ruhusa kazini siku hiyo, na saa saba u nusu akaingia nyuma ya televisheni akalegeza waya wa antena.

Saa nane kioo kikatoa chenga.

"Imeharibika, Mama. Nitamwita fundi kesho."

"Mwanangu, rudisha waya."

"Waya gani, Mama?"

"Huo uliochomoa. Macho yamekwenda, masikio yapo. Wewe hujawahi kushinda nyumbani siku ya kazi, leo umeshinda, na toka asubuhi unazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Rudisha."

Akarudisha, maana hakulelewa kubishana na mkubwa. Akakaa kwenye mkeka pembeni ya kiti cha bibi, na wote wawili wakatazama. Bibi alimwamkia mwanawe kama kawaida. Halafu Malkia akasimama mbele ya picha, akasema la mkono, akasema la bafuni. Mtoto mkubwa wa tamthilia akaitoa picha ukutani akaigeuza, mgongo wa fremu ukaonekana.

Mama Pini alikuwa anatazama sakafu. Alisikia bibi anavuta pumzi.

"Mama, hayo ni maigizo tu. Waandishi hao, wanatunga."

"Usinifanye mtoto." Sauti ya bibi ilikuwa ndogo. "Siku ile sikukaa kwa jirani. Nilirudi. Nilikuwa uani, nimeshika ndoo. Nilisikia."

Mama Pini aligeuka.

"Na uliniita," bibi akasema. "Mara mbili. Niliweka ndoo chini taratibu isigonge, nikatoka tena kwa mlango wa nyuma, nikarudi kwa jirani. Tukaongea habari za bei ya sukari mpaka jua likapoa. Nilikuwa nakula kwa mumeo, mwanangu. Nilimwogopa. Mtoto niliyemzaa mimi, namwogopa. Uliponiambia umeteleza, nilimshukuru Mungu, nikalishika neno lako nikalifanya ndilo."

Televisheni iliendelea kupiga kelele, wale watoto wanne wanalaumiana. Mama Pini hakuwahi kumpandishia mkwe wake sauti, na sasa aliipandisha. "Miaka yote hii nakuficha! Nasimama pale chini yake kila siku ili wewe usimjue, kumbe unamjua?"

"Namjua. Nilikuwa namwamkia ili nisikutazame wewe."

Hapo Mama Pini alilia, si kilio cha kistaarabu. Bibi hakumgusa. Pengine aliona hana haki. Alingoja mpaka kikapungua, kisha akauliza swali ambalo watu huuliza siku ya pili baada ya mtu kuumia, au wiki ya pili, wakija na matunda mkononi.

"Mkono wako ulipona?"

Jibu la adabu lilikuwa tayari mdomoni. Alishalitoa kwa daktari, kwa majirani, kwa mwongozaji wake wa kwanza: umepona, ahsante, sijambo. Alifungua kinywa alitoe, likakataa.

"Haukupona, Mama," alisema. Akasogea karibu kwa sababu ya yale macho, akaunyanyua mkono wa kushoto, ukafika begani ukakoma, akaushikilia hapo ili bibi auone.